Dola 300 za Coudersport: Adelphia Ilivyopanda, Ilivyoanguka na Ilivyonunuliwa

Waliokosa kufika wameniomba maneno yote ya hotuba yangu. Haya hapa, karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, dada zangu na kaka zangu, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya kampuni za kifamilia na siku zinaponunuliwa na wakubwa. Ningeweza kuwamwagia nadharia mpaka mkasinzia. Nimeona nije na kisa kimoja tu, nikikate vipande, tukitafune pamoja. Ni kisa cha kampuni ya televisheni ya kebo ya Marekani iliyoitwa Adelphia. Nani amewahi kulisikia jina hilo? Mikono juu tafadhali. Wanne. Watano. Mama yule pale nyuma ameinua nusu mkono, naye tumhesabu. Sita basi. Mkumbuke huo nusu mkono, tutaurudia.

Kisa chenyewe kinaanza na mlima.

Kaskazini ya jimbo la Pennsylvania kuna mji mdogo unaitwa Coudersport. Watu wake hawafiki elfu tatu. Umekaa bondeni, milima imeuzunguka. Sasa mawimbi ya televisheni, kama mnavyojua, hayapandi mlima na kushuka upande wa pili kama mbuzi. Yanakwenda moja kwa moja, yakikuta mlima yanakwama. Isitoshe, mwaka 1948 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya mawasiliano, FCC, ilisimamisha leseni za vituo vipya vya televisheni, na zuio hilo likadumu mpaka 1952. Kwa hiyo mjini New York watu wanatazama ndondi sebuleni, na mtu wa bondeni akinunua televisheni anatazama nini? Chenga. Analipa pesa nzima anatazama chenga.

Wajanja wa Pennsylvania wakaona njia. Ukisimika antena kileleni, pale mawimbi yanapofika, kisha ukashusha waya hadi mjini, ukaupitisha nguzo kwa nguzo na kuweka vikuza mawimbi njiani ili picha isififie, kila nyumba inapata picha safi. Ndiyo maana mwanzoni biashara hii iliitwa antena ya jumuiya. Antena moja, mji mzima.

Hapo ndipo anapoingia John Rigas. Mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, amerudi kutoka Vita Kuu ya Pili, amesomea uhandisi, ana kazi ya kiwandani. Ananunua jumba la sinema la Coudersport. Mchana yuko kazini, jioni anaendesha gari kwenda kwenye sinema yake. Mwaka 1952 mtu anamuuzia haki ya kuendesha kebo ya mji ule kwa dola 300. Inasimuliwa kwamba benki hakuwa nazo za kutosha, akaandika hundi hivyo hivyo, akaunti ikaingia hasi.

Ngojeni kidogo hapo. Mwenye sinema ananunua waya wa televisheni! Adui wa sinema ni nani miaka ile kama si televisheni? Watu wakibaki nyumbani kutazama bure, nani atakuja kukata tiketi? Wenzake wengi wenye majumba ya sinema walinung'unika. Yeye akamnunua adui. Hilo lazima tumpe, hata kama mbele tutamsema.

Na jambo la pili mliweke akilini: safari hii ilianza kwa hundi isiyokuwa na pesa nyuma yake. Sisemi ni dhambi. Nani hapa hajawahi kuandika ahadi kabla pesa haijaingia? Nasema tu mliweke akilini.

Sasa biashara ya kebo ina tabia yake, na asiyeielewa hataelewa kilichofuata. Waya ni ghali siku ya kuuvuta. Nguzo, vifaa, mafundi, kibali cha halmashauri. Lakini ukishafika kwenye nyumba ya mtu, umefika. Mwezi huu analipa, mwezi ujao analipa, mwaka kesho analipa. Mara nyingi halmashauri ilimpa leseni mtu mmoja tu kwa mji mmoja, basi hana pa kuhamia. Kwenye vitabu kampuni inaonyesha hasara, maana inaandika uchakavu wa nyaya na vifaa na riba ya mikopo. Lakini droo ina pesa kila mwezi. Benki zikiona droo ya namna hiyo, zinafanyaje? Zinakopesha. Unakopa, unanunua mji wa jirani. Pesa ya miji miwili inakupa nguvu ya kukopa zaidi, unanunua wa tatu. Tasnia nzima ya kebo Marekani ilikua hivyo, si Rigas peke yake. Deni halikuwa ugonjwa wao. Deni lilikuwa ndiyo chakula.

John alikuwa na nduguye, Gus, na mwaka 1972 kampuni ikapewa jina la Adelphia, kutoka neno la Kigiriki la ndugu. Wanawe watatu, Michael, Timothy na James, walisoma vyuo vikuu vyenye majina, kisha wakarudi kufanya kazi na baba yao bondeni Coudersport. Mkwe naye akaingia bodi. Mwaka 1986 kampuni ikaingia soko la hisa, lakini kwa ujanja unaotumiwa na familia nyingi hata leo: hisa za aina mbili. Hisa ya mtu wa kawaida, kura moja. Hisa ya familia, kura kumi. Pesa za wageni karibuni, usukani hatuachii.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, nimeifanya mpaka macho yamechoka. Nikikuta kampuni ambayo baba ni mwenyekiti, mtoto mmoja ni mkuu wa fedha, wa pili mkuu wa shughuli, wa tatu mkuu wa mipango, na mkwe yuko kwenye bodi, huwa najiuliza swali moja tu. Nani atamwambia mzee hapana? Nawauliza na ninyi mnaoendesha biashara za nyumbani. Kwenu ni nani?

Miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Mwaka 1994 DirecTV ilianza kuuza televisheni ya setilaiti kwa dishi dogo la kufunga ukutani. Setilaiti haijali mlima! Yule mteja asiyekuwa na pa kuhamia, sasa anapo. Halafu ikaja intaneti. Nyaya za zamani zikawa hazitoshi, ikabidi kufumua na kuweka nyingine, mabilioni kwa mabilioni. Kampuni za kebo za kimkoa zikajikuta njia panda: ama unakua haraka upate nguvu ya kubishana bei na wenye chaneli na wauza vifaa, ama unauza ungali na thamani. Wengi waliuza. Mzee wa Coudersport akachagua kununua.

Mwaka 1999 ndio mwaka wenyewe. Adelphia ilikubali kuinunua kampuni nyingine ya kebo, Century Communications, kwa dola bilioni 5.2. Century ilikuwa na wateja wapatao milioni 1.6, wengi wao kwenye eneo la Los Angeles. Mwaka huo huo wakaongeza kampuni nyingine mbili za kebo, FrontierVision na Harron. Kampuni ya bondeni ikawa ya sita kwa ukubwa Marekani, wateja zaidi ya milioni tano. Na makao makuu? Pale pale Coudersport. Mtu wa Los Angeles akilipa bili ya televisheni, amri za pesa yake zinatoka kwenye mji ambao hata nusu ya watu wa mtaa wake hauwafikishi. Ajira zikaja, majengo yakaja, na wenyeji walimpenda mzee. Sioni kosa la kumpenda.

Lakini ununuzi wa namna hiyo unalipiwa kwa nini? Kwa mikopo, na kwa kutoa hisa mpya. Na kila hisa mpya inapotoka, fungu la familia linapungua. Wazee wangu, hapa ndipo kiini cha kisa chote, nitakaa hapa kidogo, mniwie radhi.

Familia haikutaka fungu lipungue. Hisa mpya zikitoka, nayo inanunua. Pesa itoke wapi? Sikilizeni. Chukulia wewe na shemeji yako mnakwenda benki pamoja, mnasaini mkopo mmoja wa shilingi mia. Mkataba unasema yeyote kati yenu anaweza kuchota, na yeyote kati yenu anaweza kudaiwa zote mia. Shemeji anachota tisini, anajinunulia anachotaka. Wewe umechota kumi. Mkeo anakuuliza jioni, "Tunadaiwa kiasi gani?" Unamjibu, "Kumi." Umesema uongo au umesema kweli?

[Hapa ukumbi uligawanyika, wengine kweli, wengine uongo, na mzee mmoja akasema inategemea shemeji mwenyewe ni nani. Tulicheka sana.]

Adelphia ndiye aliyejibu kumi. Kampuni tanzu zake zilisaini mikopo ya pamoja na kampuni binafsi za familia ya Rigas. Familia ikachota, sehemu kubwa ikaenda kununulia hisa za Adelphia ili usukani usiponyoke. Mizania ya Adelphia, yaani karatasi ya mali na madeni yake, ikaonyesha kile ambacho Adelphia ilijihesabia kuchota, basi. Tena pesa za kampuni ya umma na pesa za kampuni za nyumbani zilipitia chungu kimoja, zinaingia na kutoka pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa daftari walikuwa nalo, tena la kompyuta. Lilikuwa daftari la kusomea wao tu.

Tarehe 27 Machi 2002, kampuni inatangaza hesabu za robo ya mwisho ya mwaka 2001. Taarifa ndefu, takwimu nzuri nzuri mbele. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo, kuna maneno haya kwa maana yake: tunaweza kudaiwa pia dola bilioni 2.3 zilizokopwa na kampuni za familia. Bilioni mbili nukta tatu, kwenye tanbihi! Mkutano ulikuwa wa simu, wachambuzi wako kwenye laini, mmoja akauliza hizo ni za nini. Majibu hayakutosha. Hisa zikaporomoka siku ile ile.

Mimi ripoti yoyote naianzia ukurasa wa mwisho. Mke wangu ananicheka, hata gazeti nalianzia nyuma. Lakini mtu anayekuandikia habari njema anaiweka wapi? Mbele. Na ile nyingine?

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio. Mei mzee akajiuzulu na wanawe. Tarehe 25 Juni 2002 kampuni ikaomba kinga ya mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi. Tarehe 24 Julai, asubuhi na mapema, mzee wa miaka 77 na wanawe wawili wakakamatwa jijini New York, wakapitishwa na pingu mbele ya kamera. Picha zikaonyeshwa na televisheni nchi nzima, bila shaka na kwenye kebo zao wenyewe.

Kesi ikafumua mengi. Ndege ya kampuni ilitumika kumpelekea binti wa familia mti wa Krismasi New York, na kwa kuwa wa kwanza haukufaa kimo, ndege ikapeleka wa pili. Kandambili za ndani za Timothy, jozi mia moja. Ilielezwa kwamba Timothy, mkuu wa fedha, alilazimika kumwekea baba yake kikomo cha kuchota: dola milioni moja kwa mwezi. Hicho ni kikomo, jamani! Magazeti yalishangilia habari hizi, na nawaona hata ninyi mmechangamka. Maoni yangu ni kwamba kandambili hazikuiua Adelphia. Ukizijumlisha zote na miti yote miwili hazifiki hata riba ya siku moja ya deni lile. Kilichoua ni ile kumi iliyosemwa badala ya mia.

Na wateja? Nimewaambia mkumbuke nusu mkono. SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, ilidai kwamba Adelphia iliongeza hesabu ya wateja wake wa kebo kwa kuchanganya watu wa kampuni shirika za Brazil na Venezuela, na hata waliolipia intaneti au ulinzi wa nyumba. Mbona wajisumbue na vichwa vichache? Kwa sababu kampuni ya kebo inapimwa kwa vichwa. Mnunuzi haulizi una nyaya kilomita ngapi, anauliza una nyumba ngapi. Mama, ule nusu mkono wako una bei sokoni.

Julai 2004 John na Timothy walipatikana na hatia ya kula njama na udanganyifu wa benki na wa hisa. Mwaka 2005 mzee akahukumiwa miaka 15, mwanawe miaka 20, vifungo vilivyopunguzwa kidogo baadaye. James hakushtakiwa kwa jinai. Kampuni ya ukaguzi iliyokuwa ikipitisha vitabu ililipa dola milioni 50 kumaliza shauri lake na SEC, bila kukiri wala kukana. Yatosha.

Tuje kwenye ununuzi, ndio mlioniitia.

Watu hudhani kufilisika ni kufunga mlango. Sura ya 11 si hivyo. Wadai wanazuiwa wasinyang'anye, viongozi wapya wanaletwa, biashara inaendelea. Mteja wa Adelphia usiku wa tarehe 25 Juni aliwasha televisheni akaona picha kama jana. Waya haujui mwenyewe yuko mahakamani. Na kwa kuwa waya uliendelea kuingiza pesa, mali ile ilibaki na thamani kubwa. Makao yakahamishwa kwenda Colorado, Coudersport ikaanza kupoteza ajira moja moja.

Wanunuzi wakaja. Cablevision ya New York iliweka ofa, haikushinda. Aprili 2005 Time Warner Cable na Comcast wakakubaliana kununua karibu kila kitu kwa pamoja: dola bilioni 12.7 taslimu, na asilimia 16 ya hisa za Time Warner Cable, jumla ikakadiriwa bilioni 17.6. Dili likafungwa tarehe 31 Julai 2006.

Kwa nini wawili? Hapa kuna somo la biashara ambalo halihusu wizi hata kidogo. Chukueni ramani. Adelphia ilikuwa vipande vipande, huku Los Angeles, kule Florida, kule Pennsylvania. Mnunuzi wa kebo anataka miji inayopakana, ili fundi mmoja, gari moja, kituo kimoja cha simu kihudumie nyumba nyingi. Basi wale wawili wakaigawana ramani, tena wakabadilishana na baadhi ya miji waliyokuwa nayo, hii yangu chukua wewe, hiyo yako nipe mimi. Time Warner ikapata Los Angeles karibu nzima. Mteja hakuulizwa. Alipata bili yenye nembo mpya.

Nimepiga hesabu moja, nisaidieni kuitazama. Bilioni 17.6 kwa wateja wapatao milioni tano ni kama dola 3,500 kwa nyumba moja. Mwaka 1952 haki ya mji mzima wa Coudersport ilikuwa dola 300. Mtasema pesa ya zamani ilikuwa na nguvu. Haya, bei Marekani zilipanda kama mara saba kati ya miaka hiyo miwili, zidisheni: dola 2,100 na ushee. Mji mzima wa mwaka 1952 haununui nyumba moja ya mwaka 2005.

Sasa niulizeni, mabilioni yale yalikwenda kwa nani? Foleni ya ufilisi ina utaratibu: benki kwanza, wenye hati fungani, wauzaji, na mwenye hisa anasimama mkiani. Wenye hisa za kawaida karibu hawakuona kitu. Familia ilisalimisha mali za zaidi ya dola bilioni 1.5, na kupitia makubaliano na serikali ukaundwa mfuko wa dola milioni 715 wa kuwafidia waliodanganywa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na aliyelipa matanga hakualikwa harusini.

Kinachoniuma, nami nasema hili kama mtu wa vitabu, ni kwamba biashara yenyewe haikuwa mbovu. Wanunuzi wawili wakubwa kuliko wote waliungana kuilipia mabilioni ikiwa mahakamani! Mzee angekubali fungu la familia lipungue, angekaa na thuluthi ya kitu kikubwa badala ya usukani wote. Angeweza hata kuuza mwaka 1999 kama wenzake, bei za kebo zikiwa juu. Alikataa kupungua. Niambieni, ninyi wenye biashara za nyumbani, mngekubali? Msijibu haraka. Niliuliza swali hili kwenye mkutano mwingine, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mtu ambaye mwenzangu alikuwa anamkagulia vitabu.

Nimalizie na mwaka 2016. Februari mwaka huo mzee Rigas, akiwa na miaka 91 na anaumwa saratani, aliachiwa kutoka gerezani kwa huruma, akarudi nyumbani Coudersport. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 96. Na Mei ya mwaka ule ule wa 2016, miezi mitatu tu baada ya yeye kurudi, Time Warner Cable iliyokuwa imemeza sehemu ya kampuni yake ikamezwa na Charter, kampuni nyingine ya kebo. Nembo kwenye bili ikabadilishwa tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Tuanze na mama wa nusu mkono, naona safari hii ameuinua wote.